Bustani Zilizotoka Nje ya Kuta

Panda gari ya 502 mjini Unguja, lipa nauli ya Bububu, kaa upande wa kushoto unakopiga upepo wa bahari. Barabara inafuata pwani kwenda kaskazini, na katika kipande hiki kifupi karne ya 19 ilipanga bustani moja baada ya nyingine: Maruhubi ya Seyyid Barghash, Mtoni ya baba yake Seyyid Said, kisha ukipanda vilimani, Kidichi na Kizimbani. Upande wa pili wa mji, kusini, iko Mbweni ya Dk. John Kirk. Wageni wengi huletwa huku kutazama magofu: nguzo, hamamu, matao ya mfereji wa maji. Mimi nawaomba wasomaji wangu wayatazame magofu haraka, kisha wageukie miti. Kuta zilipobomoka hakuna aliyezijenga tena. Miti ilimwaga mbegu, watu wakachukua miche, na leo hakuna ua katika Unguja usio na kitu kilichowahi kuwa fahari ya shamba la mfalme.

Mtoni ndiko kulikoanzia. Seyyid Said, mtawala wa Oman, alianza kujenga kasri lake hapa mwaka 1828, kando ya kijito cha maji matamu kinachoingia baharini, na kasri likachukua jina la mahali. Anayetaka kuelewa bustani za pwani aanze na maji hayo. Yalijaza mahamamu, yakanywesha miti, na merikebu zilizotia nanga mbele ya kasri zilikuja kuyateka. Bintiye Salme, aliyezaliwa hapo tarehe 30 Agosti 1844 na baadaye akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, na kurasa zake za Mtoni ni hazina kwa apendaye mimea. Anaukumbuka ua mkubwa ambamo tausi, paa, kanga, heroe na mbuni walijiendea watakavyo. Anaikumbuka michungwa iliyosimama safu kando ya nyumba za kuogea, mirefu ajabu, ambayo watoto wa kasri walijificha matawini mwake kumkwepa mwalimu mkali. Aliyaandika hayo akiwa nchi ya theluji, na mtu akisoma anaihisi hamu yake katika kila tawi.

Kuna jambo jingine analolieleza kwa kupita tu, nami nalitazama kama ufunguo wa bustani nzima. Nguo za kuvaa kesho, anasema, zilinyunyiziwa usiku asmini na maua ya michungwa, zikalala na harufu hiyo hadi asubuhi, kisha zikafukizwa ambari na miski kabla ya kuvaliwa. Kwa hiyo mchungwa wa Mtoni ulifanya kazi kutwa na kucha. Mchana ulitoa kivuli na tunda, ukawaficha watoto watoro. Usiku ua lake lilikuwa ndani ya kabati. Huwezi kuuweka katika kundi la miti ya mapambo, wala huwezi kuuweka katika kundi la miti ya matumizi. Watunza bustani wa Ulaya ya karne hiyo walitenga: waridi mbele ya dirisha la sebule, kabichi nyuma ya ukuta wa matofali. Pwani yetu haikutenga, na nadhani pwani ilikuwa na akili zaidi.

Tazama mimea ya manukato ya Unguja uone jinsi mpaka huo usivyokuwapo. Asmini hupandwa karibu na mlango au dirisha la chumba cha kulala. Mrehani huwekwa penye njia, nguo ikiupitia unatoa harufu. Mkadi hupenda mahali penye majimaji, majani yake yana miiba, lakini ua lake hutafutwa kwa bidii na kila nyumba yenye harusi. Mkilua ni mti mdogo usiovutia macho, maua yake ya rangi ya kijani na manjano hata huwezi kuyaona haraka, ila pua itakuambia yalipo kabla hujafika. Mlangilangi umetoka mashariki ya mbali, huko Asia, na ukiachwa hukua mrefu kuliko nyumba, ndiyo maana wenye kujua huukata na kuyainamisha matawi ili mkono uyafikie maua. Mwaridi hutoa marashi. Yote haya hukusanyika katika kikuba anachobandika mwanamke kifuani au nyweleni, katika singo anayosuguliwa bibi harusi, katika maua yanayomwagwa kitandani usiku wa ndoa. Bustani ya pwani ilijengwa kwa ajili ya pua kwanza. Ukiitembelea kwa macho peke yake utaiona ndogo na ya fujo, utaondoka hujaijua.

Nyuma ya barabara ya Mtoni nilimkuta bibi akichuma asmini kwenye kichaka kilichojaza pembe nzima ya uwanja wake. Ilikuwa alasiri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamwuliza kwa nini anachuma vitumba vilivyofumba na kuyaacha maua yaliyokwisha kuchanua. "Haya yaliyochanua ni ya jana," akasema. "Kikuba kinataka ua linalofunguka likiwa kwa mwenyewe, usiku." Akaendelea na kazi yake, vidole vikitambua kitumba cha leo na cha kesho bila yeye hata kutazama. Elimu hiyo ya saa na ya vidole ndiyo iliyokuwa ikijaza vyumba vya Mtoni, na kasri liliungua mwanzoni mwa karne ya 20, elimu isiungue.

Kutoka pwani njia inapanda kuelekea mgongo wa kisiwa. Kidichi pana hamamu ndogo nyeupe iliyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya Shahrzad, mke wa Seyyid Said, mjukuu wa Shah wa Uajemi. Ndani yake mafundi walichora bustani nyingine juu ya chokaa: ndege, maua, mitende, nakshi za Kiajemi kutoka chini hadi juu. Ni ajabu nzuri. Malkia huyo alipooga alizungukwa na bustani ya kwao ukutani, na alipotoka mlangoni alikutana na ya Unguja, nyingi, yenye majani mapana na unyevu ambao Uajemi haujui. Leo kuta za ndani zimeingiwa na ukungu na nakshi nyingi zimefifia. Nje, mashamba ya viungo yanazunguka kilima chote.

Kizimbani si mbali na hapo, na hapa lazima nikae kidogo, kwa kuwa hapa ndipo mti mmoja ulipobadilisha historia ya visiwa hivi.

Mkarafuu si mti wa Afrika. Kwao ni visiwa vya Maluku, Indonesia, ambako Waholanzi waliulinda kwa wivu ili biashara yake ibaki mikononi mwao. Mfaransa Pierre Poivre ndiye aliyefanya mpango wa kuitoa miche huko kwa siri, na mwaka 1770 ikafika Mauritius. Kutoka visiwa vya Wafaransa vya upande huo, kwa masimulizi yanayokubaliwa na wengi, Mwarabu wa Oman aitwaye Saleh bin Haramil aliileta Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, akaipanda Mtoni na Kizimbani. Seyyid Said aliona faida mapema. Aliyatwaa mashamba ya Saleh, kisha akaamuru kwamba kila penye mnazi mmoja pandwe mikarafuu mitatu, na mwenye shamba atakayekataa anyang'anywe ardhi. Kabla karne haijavuka katikati, Unguja na Pemba zilikuwa zimewapita wengine wote duniani kwa karafuu.

Watu huitaja karafuu kama zao. Mimi naiona kama ua, kwani ndivyo ilivyo: ni ua lililochumwa kabla halijafunguka. Vitumba hutoka kijani, vikaanza kuwa na wekundu wa waridi, na hapo hapo mchumaji hupanda, kwa kuwa likichanua limekwisha thamani. Ukipata mti uliosahauliwa, kitumba kikafunguka, utaona nyuzi nyeupe nyembamba zimetoka kama manyoya ya kifaranga, nyuki wamejaa, na utaelewa ni uzuri gani unaozuiwa kila msimu ili wali wa pilau uwe pilau. Baada ya kuchumwa, vishada hupelekwa nyumbani, jamaa huketi wakizichambua karafuu kutoka kwenye makonyo, kisha huanikwa juani majamvini mpaka ziwe kahawia iliyoiva. Makonyo nayo hayatupwi, hutolewa mafuta. Msimu ukiwa mzuri harufu hukaa barabarani, inaingia garini, inalala katika nguo zako, na mtu akikupokea ng'ambo ya bahari atajua ulikotoka.

Lakini mashimo ya mikarafuu hiyo yalichimbwa na nani? Shamba la mfalme halikulimwa na mfalme. Waliochimba, waliopalilia, waliopanda matawini na kuanguka, walikuwa watumwa walioletwa kwa majahazi kutoka bara, wengi wao kutoka nchi za Ziwa Nyasa na njia za misafara iliyoshukia Kilwa. Hawana nguzo wala hamamu yenye majina yao. Mwandishi anayesifu mashamba haya bila kuwataja amesifu nusu ya kitu. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ulipoteza nguvu ya sheria Unguja mwaka 1897, yaani karibu karne nzima ya karafuu ilikuwa jasho lao. Ninaposimama chini ya mkarafuu mkongwe nauheshimu kama kazi ya mikono yao. Hiyo ndiyo kumbukumbu yao, inazaa bado.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja. Pwani yetu haikuzoea dhoruba ya aina hiyo. Mikarafuu na minazi mingi ya kisiwa iling'olewa kwa pigo moja, na Pemba, iliyoguswa kidogo, ikawa tangu hapo ndiyo mama wa karafuu. Wenye mashamba wa Unguja walianza upya, na baadhi yao walitia ndani ya nafasi zilizoachwa wazi miti mingine. Ukitembea Kizimbani leo, mahali ambapo bado pana utafiti na mafunzo ya kilimo, utakuta mchanganyiko ambao shamba la zao moja lisingekuwa nao: mkungumanga, ambao tunda lake likipasuka lina utando mwekundu uliolala juu ya kokwa jeusi linalong'aa, mdalasini unaoganduliwa gome, mpilipilimanga umepanda mti mwingine, hiliki imetoa maua chini kabisa, karibu na udongo, kana kwamba haitaki kuonwa, mzingefuri wenye mbegu za kupaka midomo, na mshelisheli, mfenesi, mstafeli, mbilimbi. Kila mmoja una wageni wake na wenyeji wake wa kuula. Vijana wanaowatembeza watu watakukatia kipande cha jani, watakuambia "nusa", watangoja useme. Kubali mchezo huo. Ni darasa bora kuliko mengi niliyokaa.

Maruhubi nitaipita kwa haraka, ingawa picha zake ndizo nyingi. Seyyid Barghash alimaliza kasri hili mwaka 1882, likaungua mwaka 1899, zikabaki nguzo nene zilizokuwa zimebeba baraza za juu, mahamamu, na mabwawa yaliyoota yungiyungi. Kinachonivuta ni miembe yake, inayosemwa iliagizwa Bara Hindi. Barghash aliijua Bombay, aliwahi kuishi huko uhamishoni kabla ya kutawala, na mtu aliyekula embe la Bombay hawezi kulaumiwa kwa kutaka kivuli chake mbele ya nyumba. Wazanzibari wamegeuza embe kuwa sayansi. Boribo, dodo, shomari, sikio la punda, muyuni: kila moja lina mwezi wake, lina wakati wa kuliwa bichi kwa pilipili na chumvi, lina wakati wa kungojwa liive, na ugomvi wa lipi bora unaweza kumaliza alasiri nzima barazani bila kufikia mwisho.

Sasa vuka mji uende Mbweni.

John Kirk alikuwa daktari wa Kiskoti na mtaalamu wa mimea. Alisafiri na Livingstone Zambezi tangu mwaka 1858, akaja Unguja mwaka 1866 kama tabibu wa ubalozi wa Uingereza, na akaishia kuwa balozi mwenyewe. Wanahistoria humkumbuka kwa shinikizo alilompa Barghash mpaka mkataba wa 1873 ukatiwa saini. Wapenda mimea humkumbuka kwa shamba lake la Mbweni, juu ya bahari, alikopanda kila alichoweza kukipata ili aone kipi kitakubali udongo wa Unguja na kipi kitakataa. Alifuatilia sandarusi, ile gundi ngumu iliyochimbwa ardhini na kusafirishwa kwa wingi kutengenezea vanishi, akaonyesha kuwa ya kuchimbwa na ya mtini zote ni za mti mmoja, tofauti yao ni umri tu. Mtambaa mmoja wa mpira wa bara, wa jamii ya mibungo, unaitwa kwa jina lake katika vitabu vya sayansi, Landolphia kirkii. Na miche na mbegu zake zilikwenda London, kwenye bustani ya Kew, iliyokuwa chini ya Joseph Hooker.

Katika vitu alivyopeleka Kirk kulikuwa na mmea mdogo wa kivulini, wa maua mekundu laini na shina lenye maji. Hooker aliuchapisha mwaka 1882 akauita Impatiens sultanii, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Baadaye wataalamu waliuunganisha na spishi nyingine ambayo Hooker huyohuyo alikuwa ameipa jina tangu 1868, lakini ua lenyewe halikungoja uamuzi wao. Liliingia madirishani na mabustanini Ulaya na Marekani, likawa miongoni mwa maua yanayouzwa zaidi katika nchi hizo. Mamilioni ya watu wamelimwagilia bila kujua kwamba limetoka pwani ya Afrika Mashariki na kwamba lilibeba cheo cha Barghash. Kirk vilevile alipeleka Kew, mwaka 1884, vipande vya mmea ambao W. E. Taylor, yule mmisionari wa Mombasa aliyekusanya methali za Waswahili, naye aliupeleka miaka michache baadaye. Vipande havikutosha kuuelezea. Ukangoja mpaka afisa wa Kijerumani huko Tanga, von Saint Paul-Illaire, alipopeleka mbegu kwao, na mwaka 1893 ukaitwa Saintpaulia. Ni lile ua la zambarau la kwenye vikopo linalotoka Usambara.

Mbweni haikuwa ya Kirk peke yake. Misheni ya Vyuo Vikuu ilinunua shamba hapo mwaka 1871, na juu yake wakakaa watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Walijenga, walilima, wakasali katika Kanisa la Mtakatifu Yohana, na mabinti zao walisoma skuli ya Mtakatifu Maria chini ya mwalimu Caroline Thackeray, aliyetumikia hapo miaka mingi, akastaafu palepale, akafa mwaka 1926. Fikiri juu ya jambo hilo unapotembea kati ya michikichi na mivinje ya Mbweni: watu waliokuwa wapelekwe kuchimba mashimo ya mikarafuu ya wengine walipata hapa kipande cha kupanda muhogo wao, mnazi wao, ua lao la mlangoni. Kwangu mimi hii ndiyo bustani kubwa kuliko zote tulizopitia, hata kama mabalozi na masultani ndio waliopigwa picha.

Mwaka 1949 R. O. Williams alichapisha mjini Zanzibar kitabu kinene juu ya mimea ya manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba. Akiweka makundi hayo mawili katika jina la kitabu kimoja alifanya vyema, maana ukikifungua unakuta mimea ileile ikirudi pande zote mbili.

Kama unaweza kuchagua mwezi, chagua Desemba. Karafuu za vuli zinakuwa majamvini, mashokishoki yameanza kuwa mekundu, doriani inanuka sokoni hata mgeni akauliza kuna nini, na maembe ya boribo yapo. Asubuhi panda Kizimbani na Kidichi jua likiwa bado jepesi. Mchana teremka Maruhubi ukae chini ya mwembe. Mtoni ufike alasiri, si kabla, na mtu akikuuzia kikuba usikitie mfukoni: kivae, au umpe mwenye kukivaa, kwa kuwa kitaanza kufunguka baada ya magharibi. Mbweni iwekee siku yake peke yake.